Koti Nyuma ya Mlango

Mwalimu wa kwaya hakupiga hodi siku ile. Aliingia na furushi la majoho kifuani, akalibwaga juu ya meza ya kukatia, juu ya chaki na utepe wa kupimia na kikombe cha Fundi Asali. Chai ikamwagika, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

"Fundi," alisema, "umetufanya kichekesho."

Sasa, kabla hatujafika mbali, inabidi umjue huyu Fundi Asali. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Watu wa mtaa ndio waliompa kwa ajili ya mdomo wake. Ukimletea suruali imepasuka makalioni, atakuambia kitambaa ndicho kilichokosea, wewe huna neno. Ukisahau nguo yako pale hata ikaingia vumbi, siku ukija atakupokea kama mgeni wa arusi. Mkewe, ambaye pale dukani walimwita Mama Vifungo kwa sababu vifungo na mapindo yote yalikuwa kazi yake, alizoea kuwasikia wanawake wakimwambia, "Mwenzetu umebahatika, mume hajui hata kukunja uso." Naye aliitikia, maana ilikuwa kweli. Tangu waoane hakuwahi kumsikia mumewe akimjibu mtu vibaya. Ila hebu niambie, tangu waoane mtu huyo alikuwa amebanwa na nini? Wateja wanakuja, cherehani zinazunguka, watoto wanakua, na kila jambo gumu la pale ndani linabebwa na Mjomba.

Mjomba ndiye aliyekunja uso kwa niaba ya wote. Alikuwa kaka wa marehemu mama yake Asali, ndiye aliyemlea Asali na kumfundisha kazi, na uzeeni akawa mkataji wa duka hilohilo, akilala chumba cha nyuma na mkasi wake chini ya mto. Hana dogo huyo. Mshono ukipinda kidogo ataufumua mbele ya mteja, tena akikutajia siku ile uliyopindisha mwingine. Kuna wateja waliokuwa wakichungulia kwanza dirishani kuona kama yupo. Wakimwona, wanapita moja kwa moja kama watu waliokuwa wakienda kwingine.

Siku hiyo hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwa mnoa mikasi.

"Njooni mlangoni muone," Mwalimu akasema. Akalitandaza joho moja kwenye mwanga. Upande wa kulia ulikuwa mwekundu wa kuiva, upande wa kushoto umefifia kana kwamba umefuliwa na kuanikwa juani mwezi mzima. "Jana tulifanya mazoezi jukwaani, taa zikawashwa. Mtu mmoja rangi mbili. Waliokuwa wakipanga viti walicheka mpaka wakavikalia. Na Jumapili tunaimba mbele ya watu. Sasa naomba niambiwe, nani alikata kitambaa hiki?"

Mama Vifungo alikuwa na kifungo mdomoni. Kidogo akimeze.

Kitambaa chenyewe kilikuwa mahameli, na mahameli ina tabia yake. Ina vinyweleo vilivyolala upande mmoja. Ukiipapasa kushuka, inateleza kama paka aliyeshiba. Ukiipapasa kupanda, inakukwaruza. Ukiigeuza kichwa chini, mwanga unaipiga kwingine na rangi inakuwa nyingine. Kwa hiyo vipande vyote vinakatwa vikielekea upande mmoja, hata kama kitambaa kitaliwa sana, na kinaliwa kweli. Joho ni jembamba mabegani na pana chini. Mtu akitaka kubana matumizi anavilaza vipande kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini, vinaingiana vizuri, na kitambaa kinabaki. Kwenye pamba ya kawaida huo ni ujanja wa kusifiwa. Kwenye mahameli ni uharibifu, na hakuna fundi asiyejua.

Na kinachobaki ni cha fundi. Ndiyo desturi ya kazi, mteja analeta kitambaa chake, mabaki hayaulizwi.

 Mkewe akamwona Asali anatupa macho kwenye kigoda cha Mjomba, kigoda kitupu.

"Ni Mjomba, Mwalimu," akasema, kwa sauti ileile tamu. "Unajua tena utu uzima. Macho. Mimi mwenyewe huwa namvumilia tu, ni mtu aliyenilea, nitafanyaje?"

Mama Vifungo alikitoa kile kifungo mdomoni akakifumbata. Namvumilia. Yaani alilitafuta hilo neno na kulipata papo hapo, hakuhangaika nalo hata kidogo.

Kwa maana Mjomba hakukata hata kipande kimoja. Wiki ile mgongo ulimshika, akalala kifudifudi chumba cha nyuma akiutukana mgongo na wote waliosimama wima. Aliyekata ni Asali. Na aliyeshika ncha ya pili ya kitambaa kisicheze ni Mama Vifungo mwenyewe. Mjomba alipoinuka, majoho yalikuwa yameshafungwa kwenye shuka na kuondoka.

"Basi sikiliza," Mwalimu alisema. "Sina kitambaa kingine na sina fundi mwingine wa kumkimbilia. Mtajua nyinyi mtakavyoyarekebisha. Lakini huyo mzee asiyaguse tena. Simtaki kwenye hiyo meza. Nakwenda kufundisha, nikirudi alasiri nikimkuta, nabeba furushi langu na mtaa mzima utaniuliza kwa nini, na nitaujibu."

Akaondoka. Asali akachukua kitambaa, akafuta chai taratibu, kona hadi kona, kama mtu ambaye jambo kubwa la siku ile lilikuwa chai.

"Umesema nini pale?" mkewe akamuuliza.

"Nimeokoa duka."

"Umemtupia mzee wa watu lawama, naye hayupo."

"Mke wangu, nisikilize basi." Akaweka kitambaa chini, akamshika bega. Alikuwa hodari sana wa kushika bega. "Nikisema ni mimi, jina la fundi mwenye duka limekwisha. Nani ataniletea nguo? Mjomba yeye anajulikana ni mkali, watu hawampendi, akilaumiwa hapungukiwi kitu. Atakwenda kwa binti yake apumzike. Kwani mtu wa umri ule hatakiwi kupumzika?"

"Alikwenda kwa binti yake mwaka juzi. Umesahau alivyorudi?"

Hakuna aliyesahau. Kule walimwekea kiti mlangoni, wakampa mto wa mgongo, wakamkataza kushika kitu. Alirudi amekonda, kimya, hata kutukana hatukani, na wote pale dukani waliogopa. Hakupona mpaka alipopewa mkasi na kitambaa cha kukata. Siku ya pili tu akaanza kugomba, na Mama Vifungo aliingia jikoni akacheka peke yake kwa furaha.

"Mjomba ukimtoa kwenye meza hii unamuua," alisema.

"Usikuze mambo."

"Mimi nitamwambia Mwalimu ukweli."

Asali akauondoa mkono begani. Akamtazama mkewe, na sura ile ambayo mtaa mzima haukuwahi kuiona ikajitokeza pale karibu na pasi, dakika moja tu, lakini ilitosha.

"Na koti nalo utamwambia?" akauliza. Hakupandisha sauti.

Mama Vifungo akarudi kwenye kiti chake, akachukua sindano.

Koti lilikuwa nyuma ya mlango wa chumba chao, limefunikwa na khanga lisiingie vumbi. Koti la mahameli nyekundu, kola ya kusimama, bitana ya hariri. Mama Vifungo ndiye aliyelitaka. Mdogo wake alikuwa anaolewa, na siku ile walipolitandaza jora la mahameli mezani, mkono wake ulikipapasa kile kitambaa ukagoma kutoka. "Ukibana kidogo," alimwambia mumewe, "si na mimi nitapata chochote?" Asali akacheka, akavigeuza vipande kichwa chini miguu juu. Alimwona anavigeuza. Tena alipokuwa akishona vifungo vya yale majoho, kiganja kilimwambia kila kitu, upande mmoja unateleza, upande mwingine unakwaruza. Akamwambia mumewe. Mumewe akasema, "Taa tu hiyo." Na yeye, mtu mzima ovyo, akakubali kuwa ni taa, kwa sababu koti lilikuwa tayari limeshakatwa mikono.

Arusini watu walimzunguka. Mashemeji walimshika kola. Alitembea siku hiyo kama mke wa waziri.

Basi asubuhi yote Mama Vifungo alishona kwa hasira. Alimkasirikia mumewe, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa kuwa hasira yake haikuwa na pa kusimama, akarudi tena kwa mumewe. Sindano ilimchoma akaitukana sindano. Asali kule kwenye cherehani yake alikuwa akipiga mluzi. Wapita njia walimsalimu, naye akawajibu wote, "Karibuni, karibuni, tupo," na kila "tupo" ilimkaa mkewe kooni kama mwiba wa samaki.

Mjomba alirudi jua likiwa kali. Aliingia akilalamika juu ya mnoa mikasi, kwamba siku hizi hata kunoa watu hawajui, wanakuna tu. Akaona majoho.  Akayaendea, akapitisha kiganja juu ya moja, juu ya la pili, juu ya la tatu. Hakuyapeleka hata mlangoni kwenye mwanga.

Mama Vifungo akakaza mwili akisubiri. Sasa ndiyo sasa, alijiambia. Sasa ataangusha paa, na afadhali aliangushe, maana mtu aliyefumua shati zima kwa sababu ya uzi mmoja leo ana haki ya kuvunja cherehani.

"Nani kayarudisha?" Mjomba akauliza.

"Mwalimu," Asali akasema. "Mjomba, kaa kwanza. Kuna jambo." Na akaanza. Akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maskini mzee yule, akazunguka na umri, na afya, na jinsi sote tunavyompenda, na hali ya duka, na Mwalimu alivyodhani, na kwamba wakati mwingine si vizuri kubishana na mteja. Hakusema "nilimwambia ni wewe." Alisema Mwalimu "ameelewa hivyo." Alisema, "Ni kwa muda tu, Mjomba, mambo yakitulia utarudi," na Mama Vifungo, aliyemjua, alijua kuwa hakuna kurudi.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Alimtazama huyu mtu aliyempokea akiwa mtoto hajui kutunga uzi kwenye sindano, akamtazama muda mrefu, halafu akayatazama majoho tena.

"Wewe mwenyewe utasimama?" akamuuliza. "Mimi nikitoka, hili duka utaliweza?"

"Nitaliweza, Mjomba."

"Haya."

Basi. Ndiyo hiyo tu. Akachukua kipande cha pamba, akaufunga mkasi wake, ule uliotoka kunolewa, akaufunga mara ya pili, akakaa kwenye kigoda akiwa ameupakata. Mama Vifungo alitaka kumtikisa. Mzee gani huyu, maisha yake yote anagombana na watu juu ya pindo, leo anasingiziwa mchana kweupe na anasema haya?

"Mjomba," alimwita kwa sauti ndogo Asali alipotoka kwenda kumsalimu mteja nje. "Kwa nini hukatai?"

Mjomba alikuwa akiangalia mikono yake mwenyewe.

"Nikikataa, nani atabaki mwongo? Mimi nina mwaka mmoja, miwili. Yeye ana watoto." Kisha akaona alichoshika yule mwanamke. "Na hivyo vifungo unavishona kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Fumua hicho cha pili."

Akakifumua. Macho yalimjaa machozi hata hakuuona uzi, akakifumua hivyohivyo kwa kupapasa.

Alasiri Mwalimu akarudi. Alisimama mlangoni, akamwona mzee kigodani, uso ukambadilika. Asali aliruka kumwahi, na kiti, na kitambaa cha kukifuta kiti, na maneno, "Karibu Mwalimu, jambo letu tumeshalimaliza, alikuwa anaaga tu." Mjomba akainuka. Mgongo bado ulikuwa haujampa ruhusa kamili, ilibidi ashike meza kwanza.

"Ni macho yangu, Mwalimu," alisema. "Nimekuharibia kazi. Nisamehe."

Mjomba. Kuomba radhi. Mtu ambaye siku aliyommwagia jirani maji ya pasi alimlaumu jirani kwa kusimama. Mama Vifungo alimtazama mumewe, akangoja. Moyoni alimsihi. Sema, baba watoto, sema sasa hivi, sitakuuliza tena kitu maisha yangu yote. Asali aliinamisha kichwa kwa huzuni ya kupendeza, akampigapiga mjomba wake mgongoni, palepale panapouma.

Hapo ndipo Mama Vifungo aliposukuma kiti chake. Akaingia ndani, akavuta khanga nyuma ya mlango, akarudi na lile koti mkononi. Hakulivaa. Alilitandaza mezani juu ya majoho, rangi juu ya rangi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kuwa vimetoka jora moja.

"Mwalimu, Mjomba hakukata," alisema.  "Wiki ile alikuwa kitandani. Amekata mume wangu. Na mimi nilishika kitambaa upande wa pili. Vipande tuliviweka kichwa chini ili kibaki cha koti hili, na koti ni langu, nililitaka mimi. Arusini nimelivaa. Ukienda kuutangazia mtaa, tangaza hivyo."

Asali alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Alifungua mdomo ule wenye jina, na mara ya kwanza tangu duka lifunguliwe, haukuwa na kitu.

Mwalimu alilipapasa koti, kushuka, kisha kupanda. Akamgeukia Mjomba.

"Na wewe baba, ulikuwa unaniomba radhi ya nini?"

"Nilikuwa naondoka zangu," Mjomba alisema kwa ukali. Kisha akamgeukia Mama Vifungo, na paa lililokuwa halijaanguka tangu mchana likaanguka. "Nani alikutuma? Nimekuomba unitetee mimi? Mtu ameshakwisha kuaga, mnamrudisha rudisha kama kitambaa cha mkopo. Na hili bega, nani kaliweka hili bega? Limepinda. Umekwenda na hili mbele za watu, wakijua umetoka kwenye duka langu?"

Aligomba mpaka akakohoa. Mama Vifungo alisimama akigombezwa, na hakuna maneno matamu aliyowahi kuambiwa pale ndani yaliyomfaa kama yale.

Mwalimu alingoja mzee apumue. Halafu akavuta kile kiti alichofutiwa, akakisogeza mpaka kwenye meza ya kukatia, akakaa.

"Jumapili iko palepale," alisema. "Baba, yanatengenezeka?"

 Mjomba aliyatenganisha majoho, akipapasa kila upande. Kisha akasema yafumuliwe yote, vipande vinavyolala kushuka vishonwe pamoja, vinavyopanda pamoja, kila mtu awe na rangi moja. Wanaume wavae iliyofifia, wanawake wavae iliyoiva, na watazamaji wadhani ilipangwa hivyo. Haitakuwa nzuri, alisema, ila haitakuwa ya kuchekwa. Na Mwalimu akasema yeye pia anajua kufumua.

Wakakaa wote kufumua. Ilikuwa kazi ya kuudhi, uzi wa Asali ulikuwa umeshonwa mara mbili kila mahali, imara kweli, kwenye kushona hakuwa na kasoro. Alikuwa amekaa mwisho wa meza, hakumtazama mtu. Mwalimu alipomaliza sehemu yake na kuaga, Asali akamsindikiza hadi mlangoni. Mpita njia akamsalimu.

"Karibu, karibu," Asali akajibu. "Tupo, kazi tu."

Ilikuwa sauti ileile. Haikupungua hata chembe. Mama Vifungo aliisikiliza kama mtu anayepapasa mahameli kwenda juu, akajua kuwa kuanzia siku ile ataisikia hivyo, mezani, kitandani, mbele ya wageni watakaomwambia amebahatika. Na kwamba ataitikia.

Asali alirudi, akakaa, akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Mke wangu," alisema kwa upole, "nipatie mkasi."

Mama Vifungo aliuchukua ule mkasi, akaufungua kwenye pamba yake, mkunjo wa kwanza, mkunjo wa pili. Mkono wa mumewe ulikuwa bado umenyooshwa hewani. Akaupita mkono ule, akauweka mkasi mbele ya Mjomba.

"Usinitazame," Mjomba akamwambia. "Fumua."